Jiko Nililojenga Nikiwa Nje ya Ukuta

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini karatasi haina mdomo, kwa hiyo nimezipokea shikamoo zenu mapema ili tuingie kazini.

Mmeniomba niwaandikie namna ya kujenga jiko banifu, ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye mradi sasa hivi. Vipimo mnavyo. Mmepewa vishikwambi vyenye michoro ya rangi, na mchoro mkiubonyeza unazunguka. Sisi tulikuwa na karatasi moja iliyolowa mvua Misungwi, nusu yake haisomeki, tukajenga hivyo hivyo. Kwa hiyo sitawafundisha vipimo. Nitawaeleza makosa yangu, maana hayo hayamo kwenye kishikwambi. Mke wangu Minza amekaa hapa pembeni anasema nisijitambe, na nikijitamba atasahihisha. Msimwamini sana.

Mnaingia kazi hii ikiwa imeshapata heshima. Siku hizi mtu akisimama mkutanoni akasema "nishati safi ya kupikia," hata mwenyekiti wa kijiji anavua kofia. Mitungi ya gesi inauzwa kwa ruzuku: mama anakuja na kitambulisho chake cha taifa, analipa nusu, serikali inalipa nusu, anaondoka na mtungi kichwani. Majiko banifu nayo ni hivyo hivyo. Umeme umefika vijiji ambavyo sisi tulivifikia kwa kuvua viatu na kukunja suruali. Mimi nilipokuwa kijana nikisema ni fundi majiko, watu walicheka kwa adabu kisha wakauliza kazi yangu hasa ni ipi. Baba mzazi aliwaambia wenzake kwamba mimi ni fundi wa vyuma. Sikumlaumu.

Nilijifunza kazi Mabatini kwa Mzee Ramadhani, Mungu amrehemu. Alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya mapipa, ndani anaweka kikombe cha udongo kinachoshika joto. Alikuwa mfupi, ana sauti ya upole, na alikuwa na tabia moja iliyotukera sote: mteja akija, badala ya kutaja bei, anauliza maswali. Unapikia watu wangapi? Unapika nini zaidi, ugali au wali? Mwiko unaushika kwa mkono gani? Unapika umekaa au umesimama? Siku moja mama mmoja akachoka naye.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimekuja kununua jiko. Sikuja kuposwa."

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Mzee Ramadhani naye akacheka, lakini hakuacha kuuliza. Mama alipoondoka na jiko lake, akaniambia, "Shija, fundi anakaa na jiko siku mbili. Mwenye jiko anaishi nalo. Sasa nani wa kuulizwa?"

Nikaitika ndiyo, Mzee. Na nikasahau kabla jua halijazama.

Maana wiki hiyo hiyo nilitengeneza jiko langu la kwanza mwenyewe, la mama lishe mmoja wa Igoma. Lilikuwa jiko zuri kwa macho. Nililiwekea miguu mirefu myembamba ili lipendeze. Siku ya tatu mama lishe akarudi nalo kichwani, akalitua katikati ya karakana, akasema, "Jiko lako linatembea." Alikuwa anasema kweli. Ukisonga ugali wa watu thelathini, ule ugali wetu wa kushikamana, nguvu zote za mabega zinashuka kwenye sufuria, na jiko langu lilikuwa linapiga hatua kuelekea barabara ya Musoma, wateja wanalifuata na sahani zao. Mzee Ramadhani hakunigombeza. Alinunua unga, akaniambia niwashe jiko langu mwenyewe na niwapikie wote ugali pale pale. Nilisonga, jiko likatembea, nikalikimbiza na mwiko. Kuanzia siku hiyo kila jiko nililotengeneza nililisongea ugali kwanza. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Kama hamjui kusonga ugali, jifunzeni, haijalishi mna diploma ya wapi.

Miaka ikapita, mradi wa serikali ukaja, nikaajiriwa kuwa fundi wa kata. Sasa niliacha mabati nikahamia kwenye udongo. Udongo mzuri ni wa kichuguu, mchwa wameshaukanda kabla yako. Ponda, chekecha, changanya na majani makavu yaliyokatwa mafupi na kinyesi kibichi cha ng'ombe, kanda kwa miguu mpaka magoti yalalamike. Kisha sokota udongo huo uwe kamba nene kama kidole gumba na uizungushe kwenye mkono. Ikipasuka, bado. Mlango wa kuni uwe mdogo kuliko unavyotaka. Watu wanapenda mlango mkubwa, wanaona moto mkubwa ndiyo chakula kitaiva upesi, na hapo ndipo kuni zinapoliwa na hewa. Kati ya sufuria na ukuta wa jiko acha nafasi ya kidole cha mwisho, si zaidi. Na likimalizika, lisiwashwe mpaka likauke kivulini wiki tatu. Wiki tatu hizo ndizo ngumu kuliko kazi yote, kwa sababu kila mama anataka kuwasha siku hiyo hiyo.

Kuhusu mitungi ya gesi nitawaambia kitu kimoja tu. Tuligawa mitungi ya ruzuku katika kijiji kimoja kando ya ziwa, watu wakapiga vigelegele, tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi baada ya miezi, nikaingia nyumba ya kwanza nikaukuta mtungi umesimama juu ya kabati la sebuleni, pembeni ya redio, umevishwa kitambaa cha kufuma.

"Mama, mbona hauko jikoni?"

"Si unapendeza hapo?" akasema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti: "Naogopa utanilipukia, baba."

Kosa lilikuwa letu. Tulimpa chombo, hofu tukamwachia mwenyewe. Tangu hapo kila nilipogawa mtungi nilikaa. Nilimwonyesha mama kupaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira, kama gesi inavuja povu linachemka, unaona kwa macho. Nilimwonyesha kufungua madirisha kwanza. Kisha tulipika pamoja, na msipike chai. Chai kila mtu anaweza. Pikeni kitu anachoamini hakiwezi kuivia kwenye gesi. Kwetu ni maharage, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Maharage yaliyolowekwa tangu jana, sufuria imefunikwa, yakichemka vizuri unayatoa, unayaweka ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa, unafunika blanketi, yanajiivisha yenyewe kwa joto lake huku gesi imezimwa. Mama akifunua kile kikapu baadaye, hamtahitaji tena kuhutubia.

Minza anasema nimeanza kuzunguka. Anajua ninachokwepa. Basi nakuja.

Ninyi siku hizi mnapiga picha mmekumbatiana na mama wakwe zenu, mnawapa simu washike, mnakula nao keki harusini. Mimi nilipooa, hayo hayakuwepo. Mama yake Minza, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa akiishi kijijini ng'ambo ya Usagara, na mimi na yeye tulikuwa tunapishana. Nikimwona njiani, naingia shambani mpaka apite. Namsalimu nimechuchumaa, mbali, macho chini. Jikoni kwake hata kivuli changu hakikuwahi kukanyaga. Na yeye vivyo hivyo alinipisha. Kila nilipofika pale nyumbani nilimsikia akikohoa ndani, nami nikajua: mayu yuko karibu, ananipa ishara nijisogeze. Nikajisogeza. Nilisifu sana adabu yake. Niliwaambia hadi rafiki zangu, mama mkwe wangu ana heshima, hawezi kutoka mlangoni bila kukohoa kwanza. Niliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Siku moja Minza akarudi kwetu Igoma kutoka kwao. Alikuwa amempeleka mayu zahanati. Muuguzi amemsikiliza kifua na kumuuliza anapikia nini, wapi, jiko lina dirisha? Kisha akamwambia Minza waziwazi kwamba mapafu ya mama yamechoka na moshi, na asipotolewa kwenye moshi huo, pumzi itazidi kupungua mpaka ashindwe hata kuvuka uwanja wake.

"Lakini," nikasema, na ninaona aibu kuandika haya, "mimi nilidhani anakohoa kwa heshima."

Minza akanijibu:

"Heshima haikohoi mpaka asubuhi, Shija."

Fikirieni hali yangu. Fundi wa serikali, nimejenga majiko banifu kata nzima na kata ya jirani, nasimama mikutanoni nawaambia akina mama moshi unaua, na mama aliyenizalia mke anapuliza kuni kwenye mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini angalau kinyozi anawanyoa wakwe zake.

Gesi ilikuwa haijafika kule. Kujaza mtungi ilikuwa lazima mtu afunge safari mpaka Usagara, na kuni zinaokotwa bure. Kwa hiyo jawabu lilikuwa jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Kijiji kilikuwa kwenye orodha ya ruzuku, bomba na wavu wa chuma vinatolewa na mradi. Fundi wa kata ni mimi. Ningeweza kuomba fundi wa kata nyingine aje. Ndiyo, ningeweza. Sikutaka. Nilitaka jiko la mayu lijengwe kwa mikono yangu.

Shida ni kwamba mikono yangu isingeweza kuingia.

Basi nikajenga nikiwa nje. Nilikanda udongo uwanjani, Minza akawa anaubeba kuingia ndani, nami nimesimama nyuma ya ukuta wa jiko nikipaza sauti: "Weka tofali la kwanza shubiri mbili kutoka kwenye kona! Bonyeza! Umebonyeza?" Ndani namsikia mayu anamnong'oneza Minza, Minza anapaza sauti kunijibu. Majirani walileta vigoda wakakaa kutazama. Mtu anaufokea ukuta tangu asubuhi, ungekaa nawe.

Ikafika sehemu ya kipimo cha sufuria. Jiko banifu linajengwa kufuata sufuria, hilo mnalijua.

"Muulize mayu, sufuria anayopikia kila siku ni ipi? Nipe niipime."

Mnong'ono. Kisha mnong'ono mwingine. Halafu Minza akatoka na sufuria ya alumini inayong'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaisifu. Nikaipima kwa kamba, nikamrudishia.

Wanangu, sufuria ya mtu anayepikia kuni kila siku, haina hata doa la masizi! Fundi mwenye akili timamu angejiuliza. Mzee Ramadhani angeuliza maswali kumi kabla hajaigusa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa fundi mkubwa, sikuwa na haja ya kuuliza.

Jiko likamalizika. Nililiinua mpaka usawa wa nyonga, kama mchoro unavyosema, mpishi asimame asiumie mgongo. Wiki tatu zilipokwisha Minza akachemshia chai, moshi wote ukapanda bombani, tukanywa chai uwanjani, mimi nikiwa upande wangu. Nikapiga kifua. Kila kikao cha mradi nililitaja jiko la mama mkwe wangu. Nililifanya jiko la mfano. Picha yake, aliyoipiga Minza kwa simu, ilikaa kwenye ripoti mbili.

Ndipo akaja Dada Neema. Huyu alikuwa afisa wetu kutoka mkoani, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mpole kwa maneno na mkali kwa macho. Kazi yake ilikuwa kukagua kama majiko ya ruzuku yanatumika kweli. "Nipeleke kwenye lile la mfano," akasema. Nikampeleka huku nimevaa shati jipya.

Nilibaki karibu na ua. Neema akaingia jikoni. Nilimsikia mayu akisema kwa furaha, "Jiko zuri mno, mwanangu. Linawaka vizuri. Mkwe wangu ana mikono." Kisha akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkata maneno, na Neema akamsubiri amalize.

Alipotoka nje alikuwa ameshika yai.

"Fundi," akasema, "hili nimelikuta ndani ya jiko lako. Bado la moto."

Akanieleza alichokiona: kwenye mlango wa kuni kuku alikuwa ameweka majani yake vizuri, anataga hapo kwa raha zake. Jiko limefagiliwa, limepakwa majivu meupe, limechorwa maua kwa kidole. Lilikuwa jiko safi kuliko yote niliyojenga. Na nyuma ya mlango, palepale ndani, mafiga matatu yalikuwa bado na moto, na juu yake sufuria kubwa nyeusi kama usiku wa masika.

Kwenye gari Neema hakucheka, na heri angecheka. Alisema tu, "Amekusitiri, mzee wangu." Nikageukia dirishani. Ilinichoma, nawaambieni. Mwanamke yule alikuwa tayari kumaliza pumzi yake kuliko kuniaibisha mbele ya mgeni. Miezi yote hiyo alikuwa amekaa moshini, kila asubuhi akilipamba jiko langu lisilofaa, ili mgeni akija alikute linapendeza.

"Niandike nini?" Neema akauliza.

"Andika halitumiki."

Akaandika. Kisha akaniambia, "Bomba lipo, wavu upo. Nenda kajenge upya. Ila safari hii umwulize."

Jioni nikambana Minza, akasema yote. Ile sufuria inayong'aa ilikuwa ya wageni, ilishushwa kutoka juu ya kabati. Ya kila siku ni ile nyeusi, mara mbili kwa ukubwa. Mayu aliona aibu kuitoa. Sufuria yenye masizi haionyeshwi mkwe. Ikawa jiko limejengwa kwa kipimo cha sufuria ya chai, na ile ya ugali ukiiweka inakaa juu ya mdomo wa jiko, inaziba njia ya moto, moshi wote unarudi usoni kwa mpishi. Tena lilikuwa juu mno. Mayu anasonga ugali amekaa kwenye kigoda, sufuria iko kati ya miguu, mabega yanafanya kazi kutoka juu. Nani asonge ugali wa udaga, ule mgumu wa muhogo, amesimama kwenye usawa wa nyonga? Aliyechora ule mchoro alikuwa anakula mkate.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza Minza.

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Angenilaani. Halafu wewe ulikuwa unafurahi sana."

Hapa Minza anasema niandike kwamba alijaribu kuniambia mara mbili nami nikamkatiza kwa habari za nafasi ya kidole cha mwisho. Nimeandika.

Nilikwenda kwa Mzee Lushinge, baba mdogo wa Minza, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba mkwe kufariki. Nilimweleza kila kitu, hata yai. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi aliniambia nilete doti ya khanga na kuku jike, na Jumamosi tukutane pale nyumbani.

Jumamosi alisimama mbele ya mlango wa jiko na fimbo yake, mimi nimechuchumaa nyuma yake, kuku anapiga kelele kwapani.

"Shemeji!" akaita. "Mlangoni hapa amesimama fundi wa serikali. Mkwe wako tumemwacha Igoma. Huyu fundi anataka kuingia afanye kazi yake. Kila atakapovuka mlango huu ni fundi, na akitoka nje ni mkwe. Unasemaje?"

Tulingoja. Mzee Lushinge alianza kuhamahama miguu. Nilikwisha kujiandaa kurudi na kuku wangu.

Kisha mkono ukatoka mlangoni, ukiisukuma ile sufuria nyeusi taratibu kwenye vumbi, mpaka ikafika miguuni pangu. Ulikuwa mkono wake mwenyewe. Sikuwahi kuuona karibu namna ile, mkono wa mtu mzima, kucha fupi, masizi kwenye mikunjo ya vidole.

"Aingie," akasema.

Niliingia nimeinama. Macho yaliniwasha kabla sijafika katikati. Masizi yalining'inia darini kama nyuzi. Nilijiuliza mtu ameishije humu, nikakumbuka nilikuwa nje muda wote nikisifu heshima yake, na nikapata hasira na nafsi yangu. Nikavunja jiko langu la mfano kwa nyundo, na sikulisikitikia.

Tukaanza kazi. Yeye kwenye kigoda, khanga mpya ameishusha mpaka kwenye nyusi, mimi nimepiga magoti, wote tunatazama udongo. Nilimpa mwiko, nikaweka ile sufuria tupu juu ya matofali.

"Songa, mayu."

Akasonga hewa. Nikaongeza tofali.

"Hapo?"

"Nachoka, baba. Shusha."

Nikashusha.

"Shusha tena."

Nikashusha tena. Akasonga, mabega yakakaa sawa, akaguna. Nikachora mstari kwa mkaa. Ndivyo tulivyolijenga, yeye anasonga hewa na mimi nashusha na kupandisha, na nilimuuliza maswali yote ya Mzee Ramadhani, moja baada ya jingine. Mwiko mkono gani? Wa kushoto. Miaka ishirini sikujua kwamba mama mkwe wangu ni mashoto, na mlango wa kuni ingebidi uhamie upande mwingine. Nilimuuliza anapika saa ngapi, kuni anaziweka wapi zikauke, mvua ikinyesha anafanyaje. Mwanzo alijibu neno moja moja. Kufikia mchana alikuwa ananiambia niache kupiga piga udongo kama ninayemlaza mtoto, niubonyeze. Nikaubonyeza. Nikatoboa na dirisha chini ya paa, hilo halikuwemo hata kwenye mchoro, na mwanga ukaingia, tukaona kwamba ukuta ule zamani ulipakwa chokaa.

Wiki tatu za kukauka alipikia nje, penye upepo. Minza aliniambia kila asubuhi alikuwa analipaka jiko kinyesi cha ng'ombe kwa kiganja, polepole, na nyufa hazikutokea hata moja.

Leo ana mtungi mdogo wa ruzuku pia, anachemshia uji wake alfajiri. Siku hizi mtungi unajazwa hapo hapo kijijini. Kikohozi hakijakwisha chote, mapafu hayashonwi kama gunia, lakini anavuka uwanja, anakwenda kanisani kwa miguu, na anagombana na Mzee Lushinge bila kupumzika katikati. Muuguzi ameridhika. Mimi nimestaafu, magoti yamebaki kwenye udongo wa watu.

Lakini nataka kuwaambia siku ile lilipowashwa.

Nilikuja kama fundi, kuangalia moto. Mayu akawasha kwa vijiti vitatu tu. Moshi ukapanda bombani, Minza alikuwa nje akapiga kigelegele alipouona ukitoka juu. Maji yakachemka upesi. Akaweka unga, akakaa, akasonga kwa mkono wa kushoto, na jiko halikutikisika. Nilitazama moto, nilitazama bomba, nikagusa kuta. Alipokwisha kuupakua ugali na kufunua mboga ya dagaa, nikainuka na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, maana kwa desturi yetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, wala mkwe mbele yake. Hata fundi alijua hapo kazi yake imeisha.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nimemaliza, mayu."

"Hujamaliza. Jiko halijaonjwa."

Akalisogeza beseni la maji kwa mguu. Nilisimama palepale, sijui niweke wapi mikono. Yeye akanawa, akamega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu mbele yangu, khanga imeteleza mabegani na hakuirudisha. Nikaona uso wake. Minza amechukua pua yake, sikuwa najua. Nikachuchumaa, nikanawa, nikamega tonge, na machozi yakanishinda, mtu mzima na ndevu zangu.

Mayu akatazama juu kwenye bomba, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "moshi uko wapi unaokuliza?"

Nikamega tonge la pili.